Ubao wa Nota na Nyimbo za Ngorongoro

Wako watu, na aghalabu ni wenye elimu, wadhanio ya kwamba kanuni za muziki zilifika Karatu na Ngorongoro ndani ya masanduku ya wamisionari, na kwamba kabla ya hapo watu waliimba tu kama walivyojaliwa. Dhana hiyo mimi siikubali. Katika nyimbo za morani wa Kimasai, kiongozi aitwaye olaranyani huanza mstari, wenziwe wakampokea kwa mvumo mzito utokao kooni, bila ala yoyote isipokuwa pengine pembe ya tandala. Na kijana anaporuka, waimbaji huweza kupandisha sauti kwa kadiri ya kimo cha mruko wake. Kadhalika Wairaqw, walipohamia Karatu kutoka nchi yao ya asili huko Mbulu, walikuja na slufay, dua ndefu ambayo mzee huinena kwa ufasaha na hadhara ikamwitikia. Asiyejua mahali pa kuitikia hugundulika papo hapo.

Kilicholetwa na misioni ni maandishi. Nota za herufi, zilizobuniwa Uingereza na Bibi Sarah Glover na kuenezwa na John Curwen, aliyefariki mwaka 1880, zilishika Afrika kwa kuwa hazikudai kinanda: mwalimu wa kwaya aliandika d, r, m kwa chaki, akatenga mapigo kwa nukta mbili, akafundisha sauti nne moja baada ya moja, na wengi wakazishika kwa masikio, herufi wakamwachia mwalimu.

Walakini Kimasai hutofautisha mtenda na mtendwa kwa toni ya neno, ilhali wimbo wa kanisa uliotafsiriwa kutoka Kijerumani una lahani moja kwa beti zote. Basi lahani ikipanda pale neno linaposhuka, msikilizaji hana budi kukisia ni nani aliyemwokoa nani. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga alitoa kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu (Wamasai na Wairaqw si Wabantu, lakini hoja iliwahusu vilevile), na Desemba ya mwaka huo Mtaguso wa Vatikano ukazifungulia mlango nyimbo za wenyeji. Kwa upande wa Walutheri, Howard Olson wa Makumira, karibu na Arusha, alikusanya lahani za Kiafrika katika Tumshangilieni Mungu, na nyingi kati yake ni za kiongozi na kiitikio, mpango ambao morani wala mzee wa slufay hakuwa na haja ya kuandikiwa ubaoni.