Mkanda wa Kifuani Ulizaliwa Kazini

Mwenye mbwa mchanga anayemburura kila wanapotoka matembezini hupewa ushauri uleule karibu kila anapouliza: mvue mkanda wa shingoni, mvalishe wa kifuani. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila haujakamilika, na kilichobaki kimo katika historia ya kifaa chenyewe. Mkanda wa kifuani ulibuniwa ili mbwa avute, avute kwa nguvu, tena kutwa nzima bila kuumia. Asiyelijua hilo hununua chombo cha kazi, akamvalisha mnyama, kisha akamkaripia kwa kuifanya kazi hiyo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba neno kubwa katika uchaguzi huu ni mahali kamba inapofungwa mwilini, na kwamba watu waliowatumia mbwa kazini walilijua hilo karne nyingi kabla ya maduka ya leo.

Tuanze na shingo, kwa kuwa ndiko kamba ilikofungwa na wale waliotaka kumshika mbwa asiende. Katika miamba ya Shuwaymis na Jubbah, kaskazini-magharibi mwa Saudi Arabia, kuna michoro ya wawindaji wakiwa na makundi ya mbwa, na watafiti walioichapisha mwaka 2017 wanakadiria kuwa ina umri wa miaka 8,000 hivi. Baadhi ya mbwa hao wameunganishwa kwa mstari unaotoka shingoni mwao hadi kiunoni mwa mwindaji. Huko Misri, kaburi la Maiherpri lililofunguliwa mwaka 1899 katika Bonde la Wafalme lilikuwa na mikanda miwili ya ngozi ya shingo za mbwa, iliyonakshiwa kwa ustadi, na mmoja una jina la mbwa mwenyewe, Tantanuit. Hawa walikuwa mbwa wa kuwinda na wa heshima. Kazi yao ilikuwa kukimbia pale wanapofunguliwa; kabla ya hapo walitakiwa kushikwa tu, na shingo inafaa kwa kushika. Mbwa akisukuma mbele, mkanda unabana koo na kichwa kinarudi nyuma. Akiendelea, anaumia.

Waliotaka mbwa avute mzigo walikwenda njia nyingine kabisa. Katika kisiwa cha Zhokhov, kaskazini ya mbali ya Siberia, wanaakiolojia wamechimbua mabaki ya mbwa pamoja na vipande vya sleji, yaani vyombo vya kuburutwa juu ya theluji, vya miaka ipatayo 9,500 iliyopita. Uchambuzi wa vinasaba uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kwamba mbwa wa hapo ana undugu wa karibu na mbwa wa sleji wa leo, hasa wa Greenland. Wainuit, ambao wazee wao walisambaa kutoka Alaska hadi Greenland yapata miaka elfu moja iliyopita wakiwa na mbwa wao, walitengeneza mkanda wa kazi kwa ngozi ya sili. Utazame mkanda huo kwa karibu. Una vitanzi viwili vya kupitishia miguu ya mbele, vimeunganishwa kwa kipande kinachokatiza kifuani na kingine mgongoni. Kamba ya kuvutia inatoka nyuma, juu ya mgongo, na mara nyingi hufungiwa kishikizo cha mfupa ili iwe rahisi kufungua hata kwa vidole vilivyokufa ganzi. Koo haliguswi. Mbwa akiegemea mbele, uzito unatua kwenye kidari na mabega, palipo na mifupa na misuli ya kuubeba, naye anapumua vizuri. Juu ya bahari iliyoganda kila mbwa alikuwa na kamba yake, zikitawanyika mbele kama vidole vya mkono uliofunguliwa, kwa sababu barafu nyembamba haitaki uzito urundikane mahali pamoja. Na mbwa wachanga walitiwa mkandani kabla hawajakomaa, wakajifunza mapema kwamba kubanwa kifuani ni amri ya kwenda mbele.

Ulaya nayo ilikuwa na mbwa wa mikokoteni. Katika miji ya Ubelgiji walivuta maziwa na mboga, wakiwa na mkanda mpana wa ngozi uliopita mbele ya kifua, na vita vilipozuka mwaka 1914 jeshi la nchi hiyo liliwatumia kuvuta bunduki za rashasha. Uingereza ilikuwa imekwisha kuipinga kazi hiyo: sheria ya polisi ya London ya mwaka 1839 ilipiga marufuku mikokoteni ya mbwa ndani ya maili 15 kutoka Charing Cross, na mwaka 1854 Bunge likaieneza marufuku hiyo nje ya mji mkuu. Waliolalamikia ukatili walikuwa na haki, maana mizigo ilikuwa mizito na mbwa wengi hawakupewa maji wala mapumziko. Lakini uwezo wa mbwa kuvuta haukuwa na shaka. Kifua kilichopewa mkanda unaokaa vizuri kilivuta, na kilivuta sana.

Hapa mtu anaweza kupinga kwamba mkanda wa matembezi si mkanda wa sleji. Ule wa mbio za theluji za leo una pete karibu na shina la mkia, huu wa dukani una pete katikati ya mgongo. Tofauti hiyo ipo, na kwa mbwa wa kazi ni kubwa, kwa kuwa mstari wa nguvu unabadilika kulingana na urefu wa mzigo unaovutwa. Kwa anayetembea na mbwa barabarani, hata hivyo, zote mbili zinatenda jambo moja: zinaiacha shingo huru, zinaweka kizuizi kifuani, na zinamruhusu mnyama kuelekeza mwili wote mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa kwa mbwa wa kituo cha hifadhi, ulipima nguvu hiyo kwenye kamba na kukuta kwamba mbwa walivuta zaidi walipovaa mkanda wa kifuani kuliko walipovaa wa shingoni. Mwinuit yeyote mwenye mbwa asingeshangazwa na matokeo hayo.

Je, basi turudi shingoni? Hapana. Utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mbwa anayevuta akiwa na mkanda wa shingoni hupandwa na presha ndani ya macho, na kwamba jambo hilo halitokei akivaa wa kifuani. Mwaka 2020 watafiti wengine walijaribu aina mbalimbali za mikanda ya shingo kwenye kielelezo cha shingo ya mbwa, wasipate hata mmoja ambao wangeweza kuuita salama kwa mbwa anayevuta au anayeshtuliwa kwa kamba. Kwa mbwa mchanga ambaye bado hajajua kujizuia, na ambaye hurukia kila paka na kila pikipiki, koo si mahali pa kuchezea. Watumiaji wa punda hapa kwetu wanaujua ukweli wa namna hiyo: nira iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe ikitiwa shingoni mwa punda, huacha vidonda, kwa sababu punda husukuma kwa kifua. Mnyama avalishwe kulingana na mwili wake.

Dawa iliyoletwa na watengenezaji wa mikanda ya kisasa ni kuihamisha pete kutoka mgongoni hadi mbele ya kidari. Mbwa akivuta, kamba inamgeuza ubavu kuelekea kwa anayemshika, na nguvu yake inapotea njiani. Ni wazo zuri, na kwa historia niliyoieleza ndiyo hatua ya kwanza ya kweli ya kuugeuza mkanda wa kifuani uwe kitu cha kuzuia. Ila tusilipokee bila kupima. Historia ya vifaa hivi ina mfano wa kutuonya. Mwaka 1931 Lefebvre des Noëttes, afisa wa zamani wa askari wa farasi wa Ufaransa, aliandika kwamba watu wa kale walishindwa kutumia nguvu za farasi kwa sababu mikanda yao ilimkaba koo, na wanahistoria wakamwamini kwa miongo kadhaa. Katika miaka ya 1970 Jean Spruytte akatengeneza mikanda ya kale upya, akawafunga farasi, nao wakavuta bila kukabwa. Kwa mbwa pia yametokea mambo ya namna hiyo. Mkanda wenye umbo la Y kifuani ulisifiwa kwamba unaliacha bega huru, na ule wenye ukanda uliolala mlalo mbele ya kifua ukalaumiwa; kumbe vipimo vilivyochapishwa mwaka 2019 vilionyesha kwamba yote miwili hupunguza kunyooka kwa bega, na ule uliosifiwa ulipunguza zaidi.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la wanaosema kwamba mkanda si kitu, mafunzo ndiyo kila kitu. Hao wana ushahidi wenye nguvu kutoka Oldenburg, Ujerumani, ambako mwaka 1916 ilifunguliwa shule ya kwanza ya mbwa wa kuwaongoza askari waliopofuka vitani. Wazo hilo lilivuka hadi Marekani, na mwaka 1929 ikaanzishwa huko The Seeing Eye, baada ya Morris Frank kurudi kutoka Uswisi na mbwa wake Buddy. Mbwa wa namna hii huvaa mkanda wa kifuani wenye mpini mgumu, na hufundishwa kuegemea mbele kidogo ili mpini ukae imara mkononi. Anavuta, lakini kwa kipimo, na asiyeona husoma mwendo wake kupitia mpini huo. Hata hivyo ushahidi huu unaunga mkono hoja yangu pia. Mkanda ule huvaliwa wakati wa kazi na kuvuliwa wakati wa kupumzika, na mbwa hujifunza kwamba mguso wa vazi fulani una maana fulani. Mafunzo hayakulipuuza vazi, yalilitumia.

Kwa hiyo mwenye mbwa mchanga atafute mkanda wenye pete mbili, ya mgongoni na ya kidarini. Ya kidarini iwe ya barabarani, pale mbwa anapofundishwa kwamba kamba ikikaza safari inasimama, na ikilegea wanaendelea. Ya mgongoni ibaki kwa kamba ndefu uwanjani, ambako kuvuta hakumsumbui mtu. Ukanda wa mbele ukae juu ya mfupa wa kidari bila kupanda kooni, ule wa nyuma ya miguu usichubue kwapa, na vidole viwili vipite chini yake. Na kwa kuwa mbwa huyo bado anakua, vifungo vipimwe upya kila baada ya wiki chache. Mkanda uliomkaa vizuri mwezi uliopita unaweza leo kuwa umeanza kumkata.