Nutroni na Kuta za Kahawa

Nutroni haina chaji ya umeme, na sifa hiyo moja imeamua jinsi njia zake zinavyojengwa tangu James Chadwick alipoitambua mjini Cambridge mwaka 1932. Sumaku zinazoelekeza protoni haziwezi kuiongoza. Kwa hiyo wajenzi huongoza protoni kwanza, kisha huchagua mahali nutroni zitakapozaliwa na mahali zitakapokomea.

Katika miaka ya 1930 chanzo rahisi kilikuwa radiamu iliyochanganywa na unga wa berili. Radiamu nyingi ya enzi hiyo ilitokana na mawe ya Shinkolobwe, Katanga, yaliyosafishwa Ubelgiji kuanzia 1922. Wachimbaji wa Kongo waliibeba fizikia hiyo mgongoni, nao hawatajwi ipasavyo katika historia yake.

Saiklotroni ilileta nguvu zaidi. Ernest Lawrence aliijaribu Berkeley, Marekani, mwaka 1931, chumba chake kikiwa na upana wa sentimita 11 hivi: sumaku huzungusha chembe, umeme huzisukuma kila mzunguko. Barani Afrika kazi kubwa ya aina hii ilifanyika Faure, karibu na Cape Town, katika maabara inayoitwa sasa iThemba. Protoni husafiri ndani ya bomba lisilo na hewa, sumaku zikizipinda na kuzibana, hadi kwenye kipande chembamba cha lithi, ambako nutroni huzaliwa. Protoni zinazopenya huvutwa kando na sumaku nyingine. Nutroni, zisizovutika, hunyooka na kupita kwenye tundu la ukuta mnene hadi chumba cha majaribio. Nutroni zilianza kutibu saratani huko mwaka 1988.

Kenya ilipata saiklotroni kwa ajili ya tiba: kwanza Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, kisha hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kahawa, jirani na Ruiru. Protoni hugonga maji yenye oksijeni-18 na kutoa florini-18, inayotumika katika picha za PET. Nusu ya florini hiyo huisha kila dakika 110, na ndiyo maana mashine hukaa karibu na wagonjwa: mtu wa Landless, Thika, huifuata kwa barabara badala ya dawa kupelekwa mbali.

Kila kiini cha florini kinapoundwa, nutroni moja huruka. Hapo ndipo kazi ya waashi inapokuwa fizikia kamili. Risasi, inayozuia eksirei vizuri, haizipunguzi kasi nutroni. Hidrojeni ya maji yaliyofungwa ndani ya zege ndiyo huzipunguza. Kuta hufikia unene wa karibu mita 2. Zege ikimwagwa vibaya na kuacha mapengo, au bomba la nyaya likipitishwa moja kwa moja, nutroni hupata mwanya; kwa sababu hiyo mabomba hupewa kona, na mara nyingi hata njia ya kuingilia hupindishwa. Usalama wa mitambo hii husimamiwa chini ya sheria ya udhibiti wa nyuklia ya 2019.

Kokoto nazo zina uzito wake. Chembechembe za kobalti na yuropi ndani ya mawe hunasa nutroni na kuwa na mnururisho, hivyo ukuta hujilimbikizia mionzi kadiri miaka inavyopita. Mawe yakipimwa kabla ya ujenzi, mabaki ya ukuta huwa na hatari ndogo siku jengo litakapobomolewa.