Njano ya England ilivyofifia

Ijumaa ya tarehe 26 Aprili 2013, wafuga nyuki waliovaa magwanda meupe na vyandarua usoni walikusanyika mbele ya Bunge la Uingereza. Wabunifu wa mavazi Vivienne Westwood na Katharine Hamnett walikuwa nao, na hati ya malalamiko ikafikishwa Downing Street. Dai lao lilikuwa moja: serikali iunge mkono marufuku ya nionikotinoidi, dawa za wadudu zinazopakwa kwenye mbegu kabla ya kupandwa. Siku 3 baadaye, mjini Brussels, nchi 15 za Umoja wa Ulaya ziliunga mkono marufuku, 8 zikapinga, Uingereza ikiwemo, na 4 zikakaa kando. Kufikia Desemba mwaka huo, dawa 3 za jamii hiyo zilikuwa zimezuiwa kwa mazao yanayovutia nyuki.

Wakulima wa kanola nao walikuwa na kilio chao, ila hawakuwa na magwanda ya kupigia picha.

Kanola ni ndugu wa sukuma wiki. Mwaka 1935 mtaalamu wa mimea Nagaharu U alionyesha kwamba ni uzao wa kabichi na tanipu. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo kama haradali, na kwa karne nyingi Wazungu waliyatumia mafuta yake kuwashia taa, kisha kulainishia mitambo ya mvuke. Kuyala ilikuwa shida kwa sababu ya asidi ya eruki. Wakanada Baldur Stefansson na Keith Downey ndio walioisafisha mbegu hiyo, na mwaka 1974 ikatoka aina iliyoitwa Tower. Jina nalo likabadilishwa: lile la zamani la Kiingereza, lenye asili ya neno la Kilatini la tanipu, huandikwa sawasawa na neno la ubakaji. Mji wa Tisdale, Saskatchewan, uliendelea kujinadi kama nchi ya zao hilo na asali hadi mwaka 2016, ndipo ukaona haya.

Uingereza ilijiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, ruzuku ikaja, na mashamba yakageuka njano kwa maua ya kanola. Walikuwapo waliolalamika kwamba mandhari ya England imeharibiwa na kwamba pua zinawawasha. Zao halikujali. Mwaka 2012 lilifunika hekta 756,000.

Kanola ya majira ya baridi hupandwa Agosti, hupita kwenye theluji, huchanua Aprili na Mei, na kuvunwa Julai. Ni karibu miezi 11 shambani, na kila mwezi una adui wake. Mvua za vuli husambaza vimelea vya ukungu uitwao foma kutoka kwenye mabua ya mwaka jana. Huanza kama madoa kwenye jani, hushuka kimya hadi kwenye shina, na ukifika wakati wa joto shina limeoza na mmea umelala. Scotland wanasumbuliwa zaidi na ukungu mwingine, wa madoa mepesi ya majani. Dhidi ya hao kuna aina za mbegu zenye ukinzani, na kuna dawa za kupulizia.

Aliyevunja watu mioyo ni mbawakawa mdogo mweusi anayerukaruka kama kiroboto. Habari zake nyingi nimezitoa kwenye miongozo ya AHDB, taasisi inayoendeshwa kwa tozo za wakulima, kwa hiyo msomaji asishangae nikiegemea shambani. Mdudu huyu huvamia mche ukiwa na majani 2 tu na kuyatoboa. Huo ni mwanzo. Hutaga mayai ardhini, na viluwiluwi vyake hupanda, hutoboa vikonyo vya majani na kukaa humo baridi yote vikila. Shamba linaweza kuonekana zima Desemba na kufa Machi.

Silaha ya kwanza dhidi yake ina undugu na zao linalolimwa kwetu. Ua la pareto, lililosomesha watoto wengi wa Molo na Mufindi, lina sumu ya wadudu, na kwenye miaka ya 1970 Michael Elliott na wenzake katika kituo cha Rothamsted, England, walitengeneza dawa za kuiga sumu hiyo zisizoharibiwa upesi na jua. Soko la pareto likaumia. Nilipokuwa nasoma kwamba mbawakawa wa England sasa wamezizoea dawa hizo, na kwamba usugu ulithibitika huko mwaka 2014, nakiri nilitabasamu kidogo.

Silaha ya pili ilikuwa nionikotinoidi, zinazofanya kazi kama nikotini ya tumbaku. Mbegu ilipakwa, na mche ukabeba kinga mwilini. Tatizo ni kwamba mche ukikua hubeba chembe za dawa hiyo hadi kwenye chavua na nekta.

Msimu wa vuli wa 2014 ulikuwa wa kwanza bila kinga. Mashariki mwa England baadhi ya wakulima walilazimika kulima upya. Mwaka 2015 chama cha wakulima NFU kiliomba ruhusa ya dharura, na serikali ikaitoa kwa takriban asilimia 5 ya zao, Suffolk na kaunti jirani. Wapenda nyuki waliwaka. Kisha, mwaka 2017, ukatoka utafiti mkubwa wa mashamba ya Uingereza, Ujerumani na Hungary. Sehemu ya fedha zake ilitoka kwa Bayer na Syngenta, watengenezaji wa dawa zenyewe. Ulipoonyesha madhara kwa nyuki wa asali Uingereza na Hungary, lakini si Ujerumani, kampuni hizo zilikuwa mstari wa mbele kuupinga. Waziri Michael Gove alibadili msimamo wa Uingereza, na Aprili 2018 Ulaya ikazuia dawa hizo 3 kwenye mashamba yote ya nje.

Nyuki walistahili kulindwa, hilo silibishi. Ninalobisha ni kwamba mkulima alinyang'anywa dawa bila kupewa kitu mkononi. Mwaka 2021 zao lilishuka hadi hekta 307,000, na viwanda vikaagiza mbegu Australia na Ukraine. Australia mbegu bado hupakwa dawa za jamii ileile.

Waliobaki wanajaribu kila hila. Wapo wanaochanganya kanola na mimea mingine ili kumchanganya mdudu, na wapo wanaoingiza kondoo wakati wa baridi wale majani pamoja na viluwiluwi vilivyomo. Kwa mujibu wa miongozo, mche mchanga ukiliwa zaidi ya robo ya jani ndipo upulizie. Kwa kuwa mbawakawa hula sana usiku, Septemba utawaona wakulima wakizunguka gizani na tochi, wameinama, wakihesabu matundu.