Mtihani wa PMP: Maandalizi ya msimamizi wa miradi wa Burnt Forest

Katika mji wa Burnt Forest, kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret, neno “mradi” halihitaji kufafanuliwa. Wakazi wa huko waliathiriwa na mapigano ya kikabila ya 1992, kisha wakateketezewa makao tena katika ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007. Mnamo Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Familia zilizohamishwa ziliahidiwa Sh10,000 za kuanzia maisha, na zile zilizobomolewa nyumba Sh25,000 za kujenga upya. Mashirika ya misaada na makanisa nayo yalifika na mabati, mbegu na mipango yao. Nyuma ya kila paa lililoezekwa upya kulikuwa na mtu aliyehesabu misumari, akapanga zamu za mafundi na kutafuta lori lisilokwama kwenye matope.

Watu wa aina hiyo bado wapo, na wengine wamejitokeza baada yao: katika madarasa ya chekechea ya kaunti, miradi ya maji, vituo vya kupozea maziwa na maghala ya viazi. Wanaijua kazi. Tatizo ni kwamba matangazo mengi ya ajira katika mashirika na kampuni kubwa huwataka waombaji wawe na cheti kinachotambuliwa kimataifa, na kile kinachotajwa mara nyingi ni PMP.

Cheti hicho hutolewa na taasisi ya usimamizi wa miradi ya Marekani, PMI, iliyoundwa mwaka wa 1969. Mtihani wenyewe ulianza mwaka wa 1984. Usichanganywe na PRINCE2, ambao chimbuko lake ni serikali ya Uingereza na ambao ngazi yake ya msingi haimdai mtahiniwa uzoefu wowote. PMP hudai uzoefu, na hapo ndipo wengi wa Burnt Forest huanza kukwama, kabla hawajafungua hata ukurasa mmoja wa kitabu.

Kwa mujibu wa kanuni zilizoandamana na mtihani wa 2021, mwenye shahada ya miaka minne anapaswa kuonyesha miezi 36 ya kuongoza miradi, na aliyeishia cheti cha sekondari au diploma miezi 60. Wote wawili wanatakiwa wawe wamepata saa 35 za mafunzo rasmi ya usimamizi wa miradi. Miezi inayoingiliana haihesabiwi mara mbili: aliyesimamia kisima na darasa katika Machi ile ile ana mwezi mmoja, si miwili.

Kanuni nyingine ina uchungu zaidi. Kwa kanuni hizo za 2021, uzoefu huo ulitakiwa uwe wa miaka minane iliyotangulia ombi. Maana yake ni kwamba kazi yote ya kuwarejesha wakimbizi wa ndani kati ya 2008 na 2010, ambayo pengine ndiyo ngumu kuliko zote zilizowahi kufanywa katika eneo hilo, haina thamani yoyote kwenye fomu ya leo. Aliyejenga nyumba mia moja wakati huo na kisha akarudi shambani atahesabiwa sawa na asiyewahi kushika kamba ya kupimia msingi. Mtu anaweza kulalamikia jambo hilo, na ana haki, lakini fomu haina nafasi ya malalamiko. Lililo la busara ni kuorodhesha kazi za karibuni na kuona zinafikisha miezi mingapi.

Je, kazi gani huhesabiwa? Nchini Kenya, sheria ya 2015 ya hazina ya maeneobunge, NG-CDF, inazitambua kamati za usimamizi wa miradi, zinazoundwa na wananchi wa kawaida, kwa hivyo jina hilo limezoeleka hadi vijijini. Hata hivyo, kuketi katika kamati na kutia sahihi kumbukumbu za mkutano si sawa na kuongoza mradi. PMI hutaka kujua iwapo mtu alipanga kazi, akaongoza watu, akafuatilia gharama na akakabidhi kilichokusudiwa, katika mazingira ya kitaaluma. Aliyekuwa karani wa ujenzi lakini ndiye aliyepanga ratiba na kuwasimamia mafundi ana hoja nzuri kuliko mwenyekiti aliyefika siku ya kukata utepe. Harusi haihesabiwi, hata kama kamati yake ilikuwa na watu 40 na bajeti iliyoshinda ya shule.

Maelezo ya kila mradi huandikwa kwa ufupi: lengo, jukumu la mwombaji, mbinu iliyotumika na matokeo. Wengi huandika mno kuhusu shirika na kidogo mno kuhusu wao wenyewe. “Shirika lilijenga vyoo katika shule sita” ni sentensi isiyomsaidia mtahiniwa. Inayomsaidia ni ile inayosema kwamba yeye aliandaa ratiba ya shule sita, akagundua kuwa mchanga ungechelewa kwa sababu ya mvua, akabadilisha mfuatano wa kazi, na akakabidhi vyoo vyote kabla ya muhula kuanza.

Baadhi ya maombi huteuliwa kwa ukaguzi. Anayeteuliwa hupewa siku 90 kuwasilisha nakala ya shahada au diploma, ushahidi wa zile saa 35, na uthibitisho wa waliomsimamia katika kila mradi aliotaja. Mashirika mengi yaliyofanya kazi Uasin Gishu yalikuja kwa muda, yakafunga ofisi, na maafisa wao wakahamia mataifa mengine. Kumtafuta afisa wa aina hiyo baada ya barua ya ukaguzi kufika ni kuchelewa. Anuani za barua pepe na nambari za simu zikusanywe kabla ya ombi kutumwa, na aliyetajwa aarifiwe kwamba huenda akaulizwa.

Ombi likikubaliwa, mtahiniwa ana mwaka mmoja wa kufanya mtihani, na katika mwaka huo anaweza kujaribu mara tatu. Ada kwa asiye mwanachama wa PMI inazidi dola 500, yaani zaidi ya Sh64,000 kwa kiwango cha Sh129 kwa dola. Kwa mwalimu au karani wa ushirika, hizo si fedha za kufanyia majaribio. Kurudia hulipiwa pia, ingawa kwa ada ya chini.

Mtihani ulioanza Januari 2021 una maswali 180 yanayojibiwa kwa dakika 230, pamoja na mapumziko mawili ya dakika kumi kumi. Maswali matano kati ya hayo hayapewi alama, lakini mtahiniwa hajui ni yapi. Sehemu ya watu, yaani uongozi na usuluhishi, huchukua asilimia 42, ile ya michakato asilimia 50, na mazingira ya biashara asilimia 8. PMI ilitangaza kwamba muundo mwingine, unaoipa sehemu hiyo ya mwisho uzito mkubwa zaidi, ungeanza Julai 2026. Kwa hivyo kabla ya kununua kitabu, mtahiniwa ahakikishe ni mtihani upi atakaoufanya, kwa kusoma muhtasari rasmi wa yaliyomo, ambao hutolewa bila malipo.

Onyo hili linahusu pia nakala za vitabu zinazopitishwa mkono kwa mkono. Mwongozo wa PMI uitwao PMBOK ulitoka katika toleo la sita mwaka wa 2017, la saba 2021 na la nane 2025. Toleo la sita lina michakato 49, na wapo ambao bado huikariri yote kama wimbo. Msamiati wake unafaa, kukariri hakutoshi. Tangu 2021, takriban nusu ya maswali huhusu mbinu za ajaili au mchanganyiko wake na mbinu za kawaida. Kwa ajaili, kazi hugawanywa katika vipindi vifupi, matokeo yakaonyeshwa kwa mwenye bidhaa kila baada ya kipindi, na mpango ukarekebishwa. Vikundi vya wakulima vinavyojaribu mbegu kwenye kipande kidogo kabla ya kupanda ekari nzima vimekuwa vikifanya jambo linalokaribiana na hilo bila kulipa jina.

Ugumu halisi uko kwenye namna ya kufikiri. Chukua mfano huu. Kamati ya shule inajenga madarasa mawili. Kazi ikiwa nusu, mwenyekiti anamwambia fundi mkuu aongeze stoo ndogo pembeni, akisema fedha “zitapatikana tu”. Msimamizi wa mradi afanye nini kwanza? Majibu ni manne: amtii mwenyekiti; akatae papo hapo; ampelekee mfadhili malalamiko; au apime athari za ombi hilo kwa gharama, muda na ubora, kisha alipeleke kwenye utaratibu wa kuidhinisha mabadiliko.

Jibu ni la nne. Lakini katika kijiji ambako mwenyekiti ni mzee wa heshima, na yamkini ndiye baba mkwe wa fundi, watu wengi wenye uzoefu wangeanza kwa kunyamaza, stoo ikajengwa, na hesabu zikatafutwa baadaye. Mtahiniwa anayejibu kwa mazoea ya kijijini ataanguka, si kwa kuwa hajui kazi, bali kwa kuwa mtihani una ulimwengu wake. Katika ulimwengu huo msimamizi huchunguza kabla ya kutenda, huzungumza na mhusika mwenyewe kabla ya kumshtaki kwa wakubwa, hafichi habari mbaya, na huiwezesha timu kutatua shida yake badala ya kuiamrisha. Maneno kama “kwanza”, “kinachofuata” na “bora zaidi” ndiyo hubeba swali. Majibu mawili aghalabu huwa sahihi. Lililo la mapema au lenye msingi zaidi ndilo hupewa alama.

Kuna pia kizuizi cha lugha. Mtihani hutolewa kwa Kiingereza na katika lugha nyingine kadhaa, lakini Kiswahili hakimo. Mtu aliyeongoza mafundi kwa Kiswahili, Kikalenjin au Kikuyu kwa miaka kumi analazimika kusoma aya ya hali ngumu kwa Kiingereza, akaielewa na kujibu kwa wastani wa sekunde 77 hivi. Njia inayosaidia ni kuandika daftari la istilahi: neno la Kiingereza, maana yake kwa lugha ya kazini, na tukio moja la kweli ambapo jambo hilo lilitokea. Daftari la hatari ni lile ambalo mvua ya Aprili ingeandikwa Januari. Daftari la masuala ndilo ambalo mvua ileile ingeandikwa baada ya lori kukwama.

Hesabu ni chache lakini zisidharauliwe. Tuseme ghala la viazi limetengewa Sh1,200,000. Kufikia wiki ya sita, kazi iliyopangwa ilikuwa ya thamani ya Sh600,000. Iliyokamilika ni ya Sh480,000. Na fedha zilizotumika ni Sh540,000. Kugawa 480,000 kwa 540,000 hutoa 0.89: kila shilingi inayotumika inaleta kazi ya senti 89. Kugawa 480,000 kwa 600,000 hutoa 0.8: kazi iko nyuma ya ratiba. Mambo yakiendelea hivyo, ghala litagharimu takriban Sh1,350,000. Mtahiniwa anayeweza kueleza hesabu hiyo kwa mweka hazina wa ushirika bila karatasi ameiva katika sehemu hiyo.

Kuhusu ratiba, miezi mitatu hadi minne ya kusoma saa moja na nusu kwa siku huwatosha wengi. Huko Uasin Gishu msimu wa kupanda mahindi huja na mvua za Machi na Aprili, na mavuno hukaribia mwisho wa mwaka. Anayelima asiweke tarehe ya mtihani katika vipindi hivyo. Mwalimu naye aepuke majuma ya mitihani ya kitaifa. Majuma matatu ya mwisho yatumiwe kwa majaribio kamili ya maswali 180 katika kikao kimoja, kwa maana uchovu wa saa ya tatu haufundishwi na kitabu. Baada ya kila jaribio, muda wa kuchambua majibu yaliyokosewa uzidi ule wa kusherehekea yaliyopatikana.

Mtihani unaweza kufanywa katika kituo cha Pearson VUE au nyumbani kwa tarakilishi yenye kamera, mtahini akitazama kupitia mtandao. Njia ya nyumbani inavutia kwa sababu ya nauli, ila mtahiniwa sharti awe peke yake chumbani, na stima au mtandao ukikatika mtihani unaweza kusitishwa. Katika eneo la mvua nyingi kama Burnt Forest, safari ya Nairobi na malazi ya usiku mmoja huenda ikawa nafuu kuliko ada ya kurudia. Jina kwenye ombi lifanane na lililo kwenye kitambulisho. Anayejulikana na wote kwa jina la babu yake, ilhali kitambulisho kina la ubatizo tu, anaweza kurudishwa mlangoni.

PMI haitangazi alama ya kufaulu. Matokeo huonyesha kiwango cha mtahiniwa katika kila sehemu, na aliyeanguka huona wapi pa kuanzia upya. Aliye na miezi pungufu anaweza kuanza na cheti cha CAPM, ambacho hudai saa 23 za mafunzo bila uzoefu. Akikipata, hatatakiwa tena kuonyesha zile saa 35 siku atakapoomba PMP.

Cheti cha PMP hudumu miaka mitatu. Kukihuisha ni kwa kukusanya pointi 60 za kujiendeleza, saa moja ikiwa pointi moja, na hadi 25 kati ya hizo zinaweza kutokana na kuitumikia taaluma, ikiwemo kuwafundisha wengine. Hivyo aliyefaulu akirejea kuwafunza wanakamati wa mradi wa maji namna ya kuandaa ratiba na daftari la hatari, saa zake zina mahali pa kuandikwa.