Namba mbovu iliyokaribia kuzima ndege ya kwanza

Muulize mtu yeyote nani alirusha ndege ya kwanza yenye injini, atakujibu chapchap: Wilbur na Orville Wright, Marekani, 1903. Sawa kabisa. Ila swali tamu zaidi ni hili: kwa nini mwaka 1901 ndugu hawa walikaribia kukata tamaa?

Walikuwa mafundi baiskeli mjini Dayton, Ohio, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na shahada. Mtu waliyemwangalia kama mwalimu ni Otto Lilienthal, mhandisi wa Ujerumani aliyeruka takriban mara 2,000 kwa mbawa zisizo na injini, akishuka kutoka vilimani. Agosti 1896 alianguka, akafariki siku iliyofuata. Aliacha jedwali la vipimo vyake vya mbawa, na akina Wright wakalitumia kupiga hesabu za ndege zao.

Hesabu zenyewe zikoje? Bawa lililoinuliwa kidogo upande wa mbele, likipita hewani, linaisukuma hewa kwenda chini. Hewa nayo inalisukuma bawa kwenda juu. Ni sheria ya tatu ya Newton, basi. (Ile hadithi kwamba hewa ya juu ya bawa inakimbia ili iwahi kukutana na mwenzake wa chini si kweli. Hazina miadi! Hewa ya juu huwa na kasi zaidi, ndiyo, lakini inafika nyuma ya bawa mapema na wala haimsubiri mtu.)

Ukubwa wa nguvu hiyo ya kunyanyua unategemea eneo la bawa, umbo na pembe yake, na mwendo wake hewani. Mwendo ndio wenye kishindo: ukiuongeza mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Kisha unazidisha yote kwa namba moja maalumu, ndipo jibu linatoka kama uzito. Namba hiyo ilijulikana kwa jina la John Smeaton, mhandisi wa Uingereza aliyeandika mwaka 1759 kuhusu vinu vya maji na vya upepo. Kwa vipimo vya pauni, futi na maili, ilikuwa 0.005. Vitabu viliirudia kwa zaidi ya miaka 140.

Kiangazi cha 1901, kwenye mchanga wa Kitty Hawk, North Carolina, ndege yao isiyo na injini ilitoa takriban theluthi moja tu ya nguvu waliyoitarajia. Wilbur alikuja kukiri baadaye kwamba mwaka huo alimwambia mdogo wake binadamu hataruka kwa miaka 50.

Mtuhumiwa wa kwanza akawa Lilienthal. Huenda jedwali la marehemu lina makosa?

Badala ya kubishana, wakapima. Kwanza walifunga gurudumu la tatu mbele ya baiskeli, likiwa limelala, wakabandika juu yake kipande cha bawa na kibao bapa, halafu wakapiga pedeli mitaani kuona kipi kinashinda. Kisha wakatengeneza handaki la upepo: sanduku la mbao lenye urefu wa takriban mita 1.8, na feni upande mmoja. Mizani ya ndani waliiunda kwa misumeno ya chuma na spoku za baiskeli. Hadi mwisho wa 1901 walikuwa wamejaribu maumbo ya mbawa yapatayo 200.

Kumbe marehemu alisingiziwa. Jedwali la Lilienthal lilikuwa karibu sana na ukweli, ila lilihusu mbawa zenye umbo lake, ndefu na nyembamba kuliko zile fupi na pana za Wright. Na namba ya Smeaton ilikuwa imekosewa: vipimo vyao vilitoa 0.0033. Yaani hesabu zote zilianza zikiwa zimevimba kwa nusu nzima.

Ndege ya 1902, yenye mbawa ndefu na nyembamba, ilifanya kile hesabu ilichosema. Kilichobaki kilikuwa injini na panga za kuisukuma ndege, nazo walizichora kama mbawa zinazozunguka. Desemba 17, 1903, Orville aliruka sekunde 12, mita 37. Kwa ardhi hiyo ni kama kilomita 11 kwa saa, mwendo ambao mtu anaweza kuukimbia. Lakini upepo wa kama kilomita 43 kwa saa ulikuwa unamjia usoni, kwa hiyo mbawa zilihisi kama 54. Bawa linajali hewa, halijali ardhi. Ndiyo maana hata leo ndege hupenda kuruka zikiukabili upepo.

Na ndani ya namba ya Smeaton kulikuwa na kitu kingine kimejificha: uzito wa hewa yenyewe. Hesabu za leo zimeutoa nje, ukaandikwa peke yake. Nairobi, uwanja wa Jomo Kenyatta uko takriban mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Ndege ileile yenye mzigo uleule inahitaji mwendo zaidi, kama asilimia 8, kabla ya kuiacha ardhi. Ukiona inachelewa kunyanyuka pale, inafidia kwa mwendo kile ambacho hewa imempunguzia.