Baba wa Babu Yetu: Namna ya Kuhesabu Miaka katika Ugogo

Lugha ya Kiswahili ina utajiri wa majina ya wazao. Mtoto wa mtoto ni mjukuu, mtoto wa mjukuu ni kitukuu, na baada yao huja kilembwe na kilembwekeze. Lakini tukigeuka kuwatazama waliotutangulia, jina tulilo nalo ni babu. Aliyemzaa babu hatuna budi kumtaja kwa maneno mawili au matatu. Na kweli, wengi humjua babu wala hawamjui aliyemzaa. Sisi tulijaliwa kumjua wetu, naye alikuwa mtu wa nchi iliyo kati ya Dodoma na Mvumi.

Mwaka wa kuzaliwa kwake hakuujua. Alipoulizwa alijibu ya kuwa alikuwa mchunga ndama siku zile ng'ombe walipokwisha. Neno hili ni dogo, lakini latosha. Maana twajua kwamba ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na 1891, ukaangamiza mifugo ya nchi nzima. Na mtoto aliyepewa ndama hakukosa miaka sita au saba. Basi alizaliwa karibu na mwaka 1884, wakati misafara ya pwani ilipokuwa ikipita Ugogo, na watemi wakitoza hongo kwa ajili ya maji na njia.

Vivyo hivyo aliyataja mambo mengine ya maisha yake. Aliposema, "Nilioa gari la moshi lilipofika," twafahamu kuwa ni mwaka 1910, ambapo reli kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma. Aliposema, "Nilibeba mzigo wa Wadachi, kisha nikabeba wa Waingereza," twaona mwaka 1916, kwa kuwa Waingereza waliingia Dodoma mwezi wa Julai mwaka huo. Majeshi yote mawili yalichukua wapagazi, ng'ombe na nafaka, nayo mashamba yakabaki bila mikono.

Hapo ndipo lilipo jambo lililomwelemea. Njaa iliyofuata, katika miaka ya 1917 hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na maana yake ni kunyang'anyana. Mvua ilikosekana, ghala zilikuwa tupu, na homa kuu ya mafua ikawakuta watu wamekwisha dhoofika. Inakadiriwa kuwa katika wilaya ya Dodoma walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Watu walikula mizizi na majani ya porini. Na wengine waliweka watoto rehani kwa wenye chakula, ili mtoto apone na waliobaki nyumbani wapate kibaba.

Katika nyumba yake aliyetolewa alikuwa binti yake wa kwanza. Mvua iliporudi alikwenda na mbuzi kumkomboa, akaambiwa kuwa wenyeji wake wamehama. Hakumwona tena. Mabinti wawili waliozaliwa baadaye aliwapa wote jina la yule wa kwanza, na mtu asipomwuliza hakueleza sababu. Alikuwa mcheshi na mkarimu, akipenda kutugawia ubuyu kwa mkono wake. Lakini mtoto aliyemwaga uji chini alimkemea kwa sauti tusiyoizoea.

Aliishi kuona uhuru wa mwaka 1961. Mwaka 1971, watu walipohamishiwa vijijini, aliacha tembe lake lenye paa la udongo. Mwaka 1973 alisikia kwamba Dodoma imechaguliwa kuwa makao makuu ya nchi, akauliza kama maji yatatosha. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka kama tisini.

Wasomaji wetu waone basi kwamba mzee asiyejua mwaka wake si mtu asiye na tarehe. Tarehe zake ni njaa, magonjwa ya mifugo, vita na njia za reli, na kila moja yaweza kulinganishwa na maandishi. Lakini maandishi yatatupa hesabu ya waliokufa tu. Mtoto aliyewekwa rehani hakuandikwa katika daftari lo lote. Habari zake zilikuwa kinywani mwa baba yake, na sasa ziko kwetu vitukuu. Kwa hiyo twawasihi wenye wazee wawaulize majina ya njaa walizozisikia, kisha waulize ni nani aliyepotea katika kila moja, wakayaandike majina hayo.