Kupanga Matumizi ya Wingu katika Biashara Ndogo na za Kati

Huduma za wingu ni utaratibu wa kukodi seva, hifadhi ya data na programu zilizoko katika vituo vya mbali na kuzitumia kupitia intaneti. Soko lake lilianza kupata sura ya leo mwaka 2006, Amazon ilipofungulia umma huduma za kuhifadhi data na kukodi seva. Mwaka 2011 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilizigawa huduma hizo katika aina tatu: miundombinu, jukwaa la kutengenezea programu, na programu kamili kama barua pepe au mfumo wa hesabu. Biashara ndogo nyingi hutosheka na aina ya tatu, kwa kuwa haihitaji mafundi wengi.

Mpango mzuri huanzia kwenye kazi za biashara, si kwenye bei. Kwanza, orodhesha mifumo yote: mauzo, stoo, mishahara na mafaili. Kwa kila mfumo uliza: tunaweza kukaa saa ngapi bila huu? Na zikipotea kumbukumbu, hasara ya siku ngapi tunaimudu? Majibu ndiyo huamua kipi kihamie kwanza na kipi kibaki ofisini.

Pili, pima mtandao. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Duka linalotegemea wingu linahitaji laini ya mtoa huduma mwingine anayepitishia mawasiliano yake njia tofauti, pamoja na programu inayoweza kuuza bila mtandao kisha kuoanisha kumbukumbu baadaye.

Tatu, tazama sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kwa hiyo mfanyabiashara ajue data za wateja wake zinakaa wapi kabla ya kutia saini.

Nne, kadiria gharama zote. Bili nyingi hutozwa kwa dola, hivyo shilingi ikishuka gharama hupanda hata kama matumizi hayajabadilika. Baadhi ya watoa huduma hutoza pia kwa kutoa data nje ya wingu lao.

Tano, gawa wajibu wa usalama. Mtoa huduma hulinda majengo na mitambo. Akaunti, nywila na ruhusa ni juu ya mteja. Washa uthibitisho wa hatua mbili, funga mara moja akaunti ya mfanyakazi anayeondoka, na weka nakala rudufu mahali pengine. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa haitegemeki.

Mwisho, hamisha mfumo mmoja usio nyeti, upime, kisha uendelee. Mkataba useme wazi jinsi ya kuchukua data zako na kuondoka. Usiposoma kipengele hicho, usitie saini.